Ukuni wa Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, na Tartu bado ni usiku.
Theluji imeketi dirishani kama mgeni asiye na haraka.
Namwambia Muri: kuni.
Anakwenda ukumbini, analeta ukuni wa mbetula
kwa mdomo mlegevu, bila hata alama ya jino,
anaulaza mbele ya jiko, anarudi kuchukua wa pili.
Kisha wa tatu.
Wa nne nilimfundisha asilete.

Hakuzaliwa hivi.
Udongo uwahi ungali maji, nami
nilichelewa wiki moja tu,
wiki ile alipokuwa na miezi minne na meno ya sindano:
akala kiatu, akala waya wa redio,
akala ukurasa wa mwisho wa riwaya yangu ya upelelezi,
ile ya mfamasia aliyekutwa ndani ya sauna amekufa
na komeo limefungwa kwa ndani.
Nilimwahi na kipande kimoja ulimini,
na juu yake neno moja: *kwani*.

Kwani nini, Muri?

Akanitazama. Akameza.

Ndipo mafunzo yakaanza. Keti. Ngoja. Achia.
Miaka thelathini nimesahihisha prufu za watu,
kurudia jambo hakunichoshi.
Leo hii namwacha nje ya duka la mikate
na paka wa Bi Salme anampitia puani, mkia juu, kwa makusudi,
na Muri hatingishiki
ila sikio la kushoto, ambalo sijaliweza.

Jioni tunasoma. Mimi nasoma macho, yeye anasoma sauti.
Kamusi ikitua mezani, puu, hafumbui jicho:
anajua hiyo ni kazi.
Kitabu cha uyoga huja kukinusa,
kina madoa ya msitu wa Septemba, na siagi.
Lakini kitabu kikifungwa, chochote, hata kwa kidole,
amekwisha simama mlangoni na kamba yake mdomoni.
Basi nimejifunza kufunga vitabu
kama mwizi anavyorudishia mlango.
Nani kamfunza nani, usiniulize.

Na kila Januari narudia riwaya ile.
Mwaka juzi muuaji alikuwa dada wa marehemu.
Mwaka jana, mchochea moto, kwa ajili ya deni.
Mwaka huu namshuku mfamasia mwenyewe.
Ajabu ni kwamba kila mara ushahidi unatosha.

Jumapili Ülo wa ghorofa ya juu
alitoka gulioni na theluji kwenye kofia
na kitabu hichohicho, kizima, jalada lilelile la samawati.
"Senti hamsini tu, Helju!"
Alifurahi kama aliyeleta dawa kwa mgonjwa.
Nilimpa kahawa. Nilimpa hata keki iliyobaki.

Alipoondoka nikakaa na kile kitu mezani.
Sikukifungua. Nilikipindua kifudifudi,
nikakipindua tena.
Nikamwita Muri, nikamsogezea puani,
nikatamka neno ambalo kwa vitabu sijawahi kulitamka:
kula.

Alinusa.
Alitazama bakuli lake, akanitazama mimi,
kama mwanafunzi hodari aliyeulizwa
jambo lisilokuwemo kwenye somo.
Sikio la kushoto likacheza.
Kisha akakibeba, chote, kwa mdomo mlegevu,
hakikuumia hata herufi,
akakipeleka mbele ya jiko,
akakilaza kando ya kuni tatu za asubuhi ya kesho,
akaketi.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi.
Makaa yalikuwa bado mekundu.
Nikavuta kiti,
nami nikangoja.